Diski ya Tatu

Tik. Kimya. Tik-tik. Kimya.
Ndivyo inavyonijibu tangu alfajiri,
kama mdeni aliyejifungia ndani
anayegonga ukuta ili nijue yumo
na kwamba hafungui.

Ni ya tatu hii.
Ya kwanza ilikufa bila kuugua, Jumatano moja.
Ya pili ilianguka kutoka kimo cha kiti cha jikoni,
kimo ambacho mjukuu wangu Veikka huanguka kila siku
na kuinuka akidai biskuti.
Ya tatu niliinunua Oulu, dukani, kwa risiti,
na muuzaji akakigonga kisanduku kwa ukucha:
"Dhamana miaka mitano, mzee."

Wenye dhamana walinipigia simu jana.
Watanipa nyingine, mpya kabisa,
tupu.
Tupu! Kama kumpa mfiwa
jeneza zuri zaidi.

Miaka thelathini na minne, kila Jumamosi ya baridi,
nimelitoboa ziwa kwa keekee,
nikateremsha fimbo yenye vipimo,
nikaandika: sentimita kumi na tisa, nyeupe, usiiamini.
Sentimita hamsini na tatu, nyeusi, imelia usiku kucha.
Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenilipa.
Lakini Rauni wa posta hajawahi kuvuka na gari lake
kabla ya kupita kwangu kuuliza.

Kisha akaja mpwa wangu Jarkko,
anayevaa saa inayomkumbusha kupumua,
akasema, Mjomba, karatasi huoza.
Majira mawili ya baridi tukaketi,
yeye akisoma, mimi nikichapa kwa kidole kimoja,
na tulipomaliza nikayatia madaftari katika jiko la sauna,
fungu kwa fungu.
Yaliwaka vizuri, sikatai.
Sijapata kutoka jasho tamu kama lile.
Mali bila daftari huisha bila habari:
mimi daftari nililiota moto,
nikasugua na mgongo.

Nimeisihi. Nimeipiga kofi la upole,
kisha lisilo la upole.
Jirani yangu Ensio akaapa kwamba diski ikigandishwa
hufumbua kinywa mara moja ya mwisho.
Friji imejaa matunda ya msituni ya Hilkka,
hivyo nikaifunga ndani ya mfuko wa mkate
nikailaza nje, barazani,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Sikulala. Niliwaza:
mtu aliyeipima baridi maisha yake yote
leo anaipigia magoti.

Asubuhi: tik.
Sikio la kufa.

Fundi wa Oulu anataka euro elfu moja na mia nne,
"na siahidi kitu."
Asiahidi. Ahadi ndizo zilizonifikisha hapa.

Jioni Hilkka akaweka mezani, kando ya supu,
daftari moja la buluu. Majira ya themanini na saba.
Alilificha kati ya mabakuli miaka yote hii
kwa sababu jalada lake la nyuma
lina vipimo vya unga wa pai ya samaki.
Lina doa la siagi toka Januari hadi Februari.
Lasomeka lote.
"Hukuniuliza kabla ya kuchoma," akasema,
akarudi kwenye sufuria zake.

Leo ni Jumamosi.
Nimetoboa. Nimeteremsha fimbo.
Kalamu ya wino imeganda, penseli haina habari.
Karatasi sikuwa nayo,
ila mfukoni mwa koti kilikuwamo kisanduku cha diski;
nikakipasua, nikaandika upande wa ndani,
mgongoni mwa ile dhamana:

sentimita arobaini na moja. Nyeusi.
Rauni anaweza kupita.